Kichwa cha Mtoto Kikikua Mbio, Tusingoje

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Hurlingham, Nairobi)



Leo tuzungumze juu ya mtoto ambaye kichwa chake kinakua haraka kuliko mwili. Vijijini wengine husema ni laana, wengine ati mama alirogwa. Basi mtoto anafichwa. Jamani, hii si laana. Ni maji.

Kila mtu ana maji kichwani yanayozunguka ubongo. Njia yake ikiziba, yanajaa na kukandamiza ubongo. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kwa hivyo kichwa hupanuka.

Wengine huzaliwa hivyo, hasa wenye mgongo wazi. Lakini kule Mbale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliotibiwa walipata shida hii baada ya ugonjwa wa kuambukizwa, wengi kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa hivyo mtoto mchanga mwenye homa, au anayekataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe.

Dalili ni hizi: utosi umefura, mishipa ya kichwa imetokeza, mtoto anatapika, macho yanaelekea chini. Mwombeni nesi apime kichwa na kuandika kwenye kitabu cha kliniki. Mtoto akizaliwa, kichwa huwa kama sentimita 35. Akitimiza mwaka, kama 46. Kuna jamaa wenye vichwa vikubwa na wazima kabisa. Hatari ni kichwa kinachokua mbio.

Dawa za kienyeji haziondoi maji haya. Hospitali kama Kenyatta, karibu na hapa, au Kijabe, hufanya upasuaji. Mara nyingi huweka mpira mwembamba chini ya ngozi, upeleke maji tumboni. Baadaye mtoto akitapika, akipata homa au akilala kupita kiasi, arudishwe mara moja. Ubongo ulioharibika haurudi. Ndiyo sababu hatungoji.

Kikundi kifanye nini? Mama huyu mara nyingi hana nauli, na pengine mumewe ameshamlaumu. Tutenge akiba ya dharura. Mmoja amsindikize, mwingine abaki na watoto nyumbani. Familia zijiandikishe SHA mapema, si siku ya ugonjwa.

Mkirudi, ulizeni: je, kwetu kuna mtoto aliyefichwa? Mkimpata, msiende kumtazama tu. Nendeni kumpeleka.