Daftari la Njia

(Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa tawi, Jumapili baada ya ibada)



Tulipoombwa na Katibu tuseme maneno machache juu ya jambo linalompa mfanyakazi moyo, tulikataa mara mbili. Sisi si wasemaji. Shule yetu ilikuwa shule ya msingi ya misheni, tukaishia darasa la nane, na tangu hapo vitabu vyetu vimekuwa koleo, nyundo na spana. Lakini Katibu ni mtu asiyechoka kuomba, na ndiyo sababu tulimchagua. Mara ya tatu akasema, "Basi semeni lile la mvua." Hapo tukajua hatuna pa kukimbilia. Wengi wenu mmelisikia lile la mvua kwa vipande vipande, na kila kipande kimetiwa chumvi njiani. Afadhali mlisikie lote kutoka kwetu wenyewe.

Kwa ndugu zetu wa karakana na wa ofisini, wasiojua kazi ya genge, yafaa tueleze kidogo. Wakati wa masika na wakati wa vuli, mvua ikinyesha sana, watu wawili hupewa sehemu ya njia waitembee usiku kwa miguu kabla gari halijapita. Hutazama reli, mataruma, kokoto, na zaidi ya yote hutazama makalavati na madaraja madogo, maana maji hayabomoi juu, huanzia chini. Wakifika mwisho hurudi, na wakirudi hutia sahihi katika daftari: tumetembea tangu mahali fulani mpaka mahali fulani, njia ni salama. Dereva wa gari halioni daftari hilo. Hawajui hao wawili ni nani. Yeye huja na mabehewa yake gizani akiamini tu kwamba wako watu waliotembea.

Usiku huo sisi wawili tulipewa kilomita nane kwenda. Mvua ilikuwa ya mawe. Tochi ilikuwa moja, na betri zake zilikuwa zimekwisha nguvu. Buti za mmoja wetu zilikuwa zimetoboka tangu mwaka uliotangulia, na za mwenzake zilikuwa zimefungwa kwa waya. Hatusemi haya ili kujitetea, tutayarudia baadaye mahali pake. Tulifika nusu ya njia, penye kibanda cha zamani ambacho bado kina mabati, tukasema tupumzike mpaka mvua ipungue. Haikupungua. Saa tisa za usiku tukatazamana, wala hakuna aliyesema neno, tukarudi. Tukatia sahihi kilomita zote nane.

Saa kumi na moja na nusu, mtoto wa kiume wa miaka kama kumi akaja kambini akikimbia, amelowa chapachapa, akasema bibi yake anaita watu wa reli. Tukaenda. Tukamkuta mama mmoja mzee amesimama katikati ya njia, amevua leso yake nyekundu ameishika kwa mikono miwili, na mbele yake, hatua ishirini tu, udongo wote chini ya njia ulikuwa umekwenda na maji. Reli zilikuwa zinaning'inia pamoja na mataruma yake kama ngazi iliyotupwa juu ya shimo. Nyapara akapiga simu stesheni, na gari la mizigo lililokuwa karibu kuondoka likazuiwa. Ndani ya gari lile alikuwamo dereva na msaidizi wake, watu tunaowajua kwa majina, na mmoja wao yupo hapa leo amekaa nyuma.

Yule mama alitutazama akasema, "Nyinyi vijana, si nyinyi wa reli? Mlikuwa mmelala?"

Tukanyamaza. Baadaye, wenzetu walipokuwa wakishusha mawe, tulimwuliza Mama kilichomtoa nyumbani kwake usiku ule, maana kutoka kwake mpaka njiani si karibu, na kulikuwa giza. Akasema aliamka akasikia maji yanalia kwa namna isiyo ya kawaida, akakumbuka mwaka 1993.

Wenye umri mnajua. Vijana mmesimuliwa tu, kama sisi. Mwishoni mwa Januari 1993, gari la abiria la usiku la baina ya Mombasa na Nairobi lilifika katika mto ulio upande huu wa Ukambani kuelekea Mtito Andei, na mafuriko yalikuwa yamekwisha kuliondoa daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine walichukuliwa na maji mbali sana. Mto wenyewe huitwa Ngai Ndethya, na msiokijua Kikamba tunawafasiria: maana yake ni "Mungu nisaidie". Ni mto mkavu siku nyingi za mwaka, mchanga mtupu, ukipita hutadhani. Jina hilo lilikuwapo kabla ya siku ile. Mama alisema siku zile alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, akaenda pamoja na wanawake wengine, na walichokiona hakuwa tayari kutusimulia. Alisema tu, "Siku ile nilimwambia Mungu, nikisikia tena maji ya namna hiyo sitalala."

Ndugu zangu, sisi tulikuwa watu wawili wenye mshahara, wenye koti la kazi na daftari. Yeye alikuwa na leso.

Sasa lile ambalo halikuandikwa popote. Hakuna aliyejua juu ya daftari. Udongo ungeweza kuondoka baada ya sisi kupita, hata Inspekta wa njia alisema hivyo, kwamba maji yamekuja ghafula baada ya doria. Akatupa pole kwa kazi ya usiku! Pole ile ilikuwa nzito kuliko tusi. Siku tatu tulikaa nayo. Tukapatana kunyamaza, kwa sababu sote tuna watoto shuleni. Siku ya nne mmoja wetu akaenda ofisini akasema kweli, na mwenzake aliposikia akamfuata, akiwa amekasirika sana, akasema kweli ile ile. Ni yupi aliyetangulia, mtatusamehe, hilo tumeamua kuliacha baina yetu.

Tuliitwa barazani, na chama kikamtuma mwakilishi wetu. Tulidhani atasema hatukukosa, maana ndivyo watu wengi wanavyodhani kazi ya chama ni hiyo. Hakusema. Alisema, "Watu hawa wamekosa, na chama hakitasema vingine. Lakini nauliza: kwa nini watu wawili walipewa kilomita nane, na zamani genge lilikuwa na watu wa kutosha kugawana? Nani alitia sahihi kwamba buti zimetolewa? Tuyalete madaftari yote mezani, la doria na la stoo." Mezani pakawa kimya. Mwishowe tulikatwa mshahara wa siku kadhaa na kupewa barua ya onyo, lakini hatukufukuzwa, na buti zikaja, jozi kumi na mbili. Makoti ya mvua bado. Mtu wa tatu wa doria bado. Katibu anazo nakala za barua.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya dini yetu. Katika misheni tulikolelewa, kila Ijumaa watoto walifagia kanisa, na mwalimu wa dini alikuwa hapiti mbele kutazama, alikuwa anainama moja kwa moja kutazama chini ya benchi. Akiona vumbi husema, "Mungu aona chini ya benchi." Tulifagia vizuri sana kwa sababu mwalimu aliinama. Alipohamishwa vumbi likarudi, twaungama. Tukakua tukimfikiri Mungu kuwa ni mkaguzi, na mkaguzi asipokuja siku nyingi mtu humzoea. Mama yule naye alisali, wala hatuna shaka alisali sana, lakini hakumngoja Mungu ateremke na bendera nyekundu. Labda mwalimu wetu alitaka kutufundisha jambo hilo hilo, nasi tukashika benchi tu.

Na kwa kuwa tumekutana hapa Makindu, hatuwezi kupita bila kutaja hekalu la Masingasinga lililo pale barabarani. Lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Watu wa kazi, kama sisi, wa mafuta na nyundo. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga njia hii kutoka Mombasa mwaka 1896 mpaka ziwani mwaka 1901, na karibu 2,500 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Hata leo msafiri yeyote akiingia katika hekalu lile, akavua viatu na kufunika kichwa, hupewa chakula bila malipo, wala hakuna amwulizaye dini wala kabila. Sisi tumekula pale mara nyingi mwisho wa mwezi, mifuko ikiwa mitupu. Chapati zao ni nzuri, na chai yao hatujaona mfano wake. Lakini tulipokuwa tukila hatukuwa tukijiuliza ni nani aliyeosha sahani. Mara moja tuliingia kusaidia kuziosha, tukamkuta tajiri mmoja mwenye gari kubwa amekunja mikono ya shati, yumo ndani ya maji ya sabuni.

Alikuwako Singasinga mwingine ambaye vijana wa chama hawamjui sana, ndugu Makhan Singh. Hatumtaji kwa ajili ya dini. Tunamtaja kwa sababu mwaka 1935, wakati kila rangi ilikuwa na choo chake na benchi lake katika stesheni, yeye alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichofungua mlango kwa watu wa rangi zote. Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisema mbele ya watu kwamba nchi hizi zipewe uhuru wao kamili. Mwezi uliofuata akakamatwa, akafungwa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Miaka zaidi ya kumi na mmoja. Uhuru ukaja 1963, naye hakupewa cheo kikubwa. Tukifikiri juu ya mtu huyo hatufikiri sana juu ya siku ya Kaloleni, maana siku ya kusema kuna watu na makofi. Twafikiri juu ya mwaka wa sita, au wa saba, asubuhi moja tu ya katikati ya juma, ambapo hakuna aliyemwona kama anaendelea kuamini au ameacha.

Tumekwenda mbali, Mwenyekiti ametazama saa. Turudi kwa Mama, kwa maana jambo letu halijaisha.

Tulikwenda kumshukuru na unga wa mahindi gunia moja na sukari. Akapokea, akatupikia uji, kisha akatuchukua nyuma ya nyumba kutuonyesha shamba lake. Mfereji wa reli unamwaga maji yote pale. Robo ya shamba imekuwa korongo. Ameandika, au tuseme mjukuu wake amemwandikia, kwa wakubwa, mara nyingi, miaka mingi, hakujibiwa hata kwa kukataliwa. Ni mtu huyo aliyetoka usiku kuiokoa njia iliyomla shamba. Tulimwuliza kama hakuwa na uchungu. Akasema, "Uchungu ninao. Lakini gari lina watu."

Ndiyo maana tumeleta hoja ambayo mmeiona katika karatasi ya mkutano, kwamba tawi likachimbe mfereji wa kuyageuza maji yale yaende korongoni kwenye mawe. Wako ndugu wanaopinga. Wanasema tukifanya hivyo tunawafanyia wenye kazi kazi yao bure, na kesho watasema kumbe hawa hawahitaji malipo. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Baba zetu walikula fimbo kwa ajili ya kukataa kazi ya bure. Lakini barua mbili za chama zimekwisha kwenda, na vuli haisomi barua. Tumeomba iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba tutachimba shambani kwa Mama, siyo katika ardhi ya reli, na kwamba madai ya mfereji wa reli yako pale pale, pamoja na makoti na mtu wa tatu. Mkiona si sawa, pigeni kura ya kukataa, tutaitii. Sisi wawili tutakwenda kama jirani.

Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, tukutane penye kalavati. Majembe tuliyo nayo ni manne, na moja halina mpini. Mwenye lake na alete. Mama amesema chakula ni juu yake, lakini tumemkatalia, kwa hiyo Ndugu Katibu atapitisha kofia sasa hivi kwa ajili ya maharagwe.