Maumivu Makali ya Ghafla ya Tumbo: Tujiulize Kabla ya Kununua Dawa



Wajibu wetu ni kusimamia ubora na usalama wa dawa. Hata hivyo, dawa iliyo bora yaweza kuleta madhara ikitumiwa mahali isipostahili. Mtu hushikwa na tumbo usiku, akamtuma mtoto duka la jirani kununua vidonge vya kutuliza maumivu, akalala. Kesho yake jioni hufikishwa hospitalini akiwa hoi. Kidonge kilipunguza maumivu, lakini hakikuziba utumbo uliotoboka wala hakikuzuia kidole tumbo kupasuka. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tujiulize maswali matatu.

Kwanza, maumivu yako wapi, na yalianzia wapi? Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanza karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa hukosa hamu ya kula, na huenda akatapika au kupata homa. Maumivu ya mawe ya figo hutoka ubavuni na kushuka hadi kwenye kinena, na mgonjwa hawezi kutulia mahali pamoja.

Pili, yalianza kwa namna gani? Yakija ghafla kama kuchomwa kisu juu ya kitovu, na tumbo likawa gumu kama ubao, huenda kidonda cha tumbo kimetoboka. Yakija na kupoa kwa vipindi, pamoja na kutapika, tumbo kujaa, na kushindwa kupata choo au kutoa hewa, huenda utumbo umeziba.

Tatu, mgonjwa ni nani? Mwanamke wa umri wa kuzaa ambaye hedhi yake imechelewa huenda ana mimba iliyotunga nje ya kizazi. Akizimia, au akihisi maumivu begani, yawezekana anavuja damu ndani kwa ndani, hata kama damu inayoonekana nje ni kidogo. Tusiseme tu kwamba ni chango. Kijana wa kiume naye aulizwe kwa upole kuhusu korodani zake, kwani wengi huona haya na kutaja tumbo peke yake. Korodani iliyojisokota yaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa mtu mzima mwenye kisukari au shinikizo la damu, maumivu ya juu ya tumbo huweza kutokana na moyo.

Majibu haya hayatufanyi kuwa madaktari. Yanatusaidia kujua kwamba safari ni ya hospitali, si ya dukani.

Zipo dawa za kuziepuka mgonjwa akiwa katika hali hii. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuchubua tumbo na kusababisha kidonda kutoka damu. Dawa za kuendesha ni hatari ikiwa utumbo umeziba au kidole tumbo kimevimba. Antibayotiki zilizobaki nyumbani huweza kuficha dalili bila kuponya. Kuchua tumbo nako tukuache.

Haya hayana maana kwamba mgonjwa aachwe ateseke. Akishafika hospitalini na kupimwa, daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu bila kuharibu uchunguzi. Kinachoua ni ucheleweshaji.

Mgonjwa apelekwe mara moja iwapo maumivu hayamruhusu kusimama wima au kulala, tumbo ni gumu, anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, anazimia, au ni mjamzito. Asile wala asinywe njiani, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Beba maboksi ya dawa zote alizotumia, zikiwemo za mitishamba, na umweleze daktari saa maumivu yalipoanza. Usimfiche lolote kwa kuogopa kugombezwa.

Mwisho, ndugu mtumiaji, una haki ya kumuuliza muuza dawa: dawa hii inatibu nini, na ni nani asiyepaswa kuitumia? Muuzaji mwema naye atakuuliza kuhusu mgonjwa kabla ya kupokea fedha yako. Akikwambia, “Mpeleke hospitali,” usimwone kuwa amekunyima dawa. Amekupa ushauri ambao kidonge hakiwezi kuushinda.