Nyoka hakutumwa na mtu: mazungumzo na wanachama waliorudia mashamba

Mumeniomba niseme juu ya nyoka, na njo saa yake: watu wanafyeka malupango yaliyokaa bure miaka mingi.

Kuna jamaa moja kubwa ambayo wataalamu wanaiita kolubridi. Karibu nusu ya aina zote za nyoka duniani ziko mule, na wengi hawawezi kumudhuru mutu. Yule mla mayai, kwa mufano, hana meno ya kuumia. Anameza yai zima, analivunja kooni kwa mifupa ya mugongo, kisha anatapika ganda. Ukimukaribia anajikunja na kusugua magamba mpaka analia kama moma. Anatisha tu! Na yule mwembamba wa kijani wa kandokando ya maji anatafuta vyura, hatafuti wewe.

Lakini rangi ya kijani isiwadanganye. Mamba wa porini naye ni kijani, na katika jamaa hii hii kuna boomslang, ambaye mara nyingi ni kijani vilevile. Mwaka 1957, kule Chicago, mtaalamu mukubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aliumwa na boomslang mudogo. Alidharau, akaandika hali yake kwenye daftari, na kesho yake akafa kwa kuvuja damu ndani. Sumu ile inaharibu damu isigande, na inafanya kazi polepole. Kwa hiyo mutoto akiumwa, hata kama anacheza na mguu haukuvimba, apelekwe kituo cha afya pale pale na aangaliwe mpaka kesho. Asitembee, mguu usitikisike. Musichanje, musifunge kamba ya kukaza. Na jiwe jeusi, najua wengi munaliamini, halitoi sumu. Linakula saa tu.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Nyoka akionekana mulangoni, tunasikia: "Ametumwa na jirani aliyebaki." Hapana. Nyoka alifuata panya, na panya alifuata mbegu za mahindi munazolala nazo chini ya kitanda. Wekeni mbegu kwenye bidoni yenye kifuniko. Mukiinua matofali ya zamani, tangulizeni fimbo, si mukono.

Wafadhili wetu wanaosoma: kutoka mashamba ya mbali, mgonjwa bado anabebwa kwa kipoyi. Pikipiki moja ingetusaidia sana.