Mtoto Hajaenda Tata: Subira ya Mzazi na Mpaka Wake



Katika miaka yangu ya kuwahudumia watoto kwa tiba ya viungo, nimeambiwa maneno haya mara nyingi kuliko mengine yote: "Daktari, mwanangu hajatembea bado." Husemwa kwa sauti ya chini. Mama husubiri wenzake watoke, hurudisha mlango, ndipo aseme, na mara nyingi machozi humtoka kabla sijamjibu. Nimejiuliza kwa nini jambo la miguu ya mtoto lisemwe kama mtu anayeungama kosa. Leo nataka kueleza mambo mawili. La kwanza, watoto wengi wanaoletwa kwangu kwa kilio hiki ni wazima kabisa. La pili, wale wachache wenye tatizo tunawachelewesha sisi wenyewe, kwa sababu tunaanza kumhukumu mama kabla ya kumtazama mtoto.

Upana wa kawaida

Kiswahili kimezipa jina hatua zote za safari hii. Mtoto hukaza shingo, hukaa, hutambaa, husimama dede, kisha huenda tata. Bibi zetu walijua vyema kwamba dede hutangulia tata. Kilichotutesa siku zote ni kutojua kila hatua inaweza kuchukua muda gani, hata tukaufanya mwezi wa 12 kuwa mtihani ambao kila mtoto lazima aufaulu.

Shirika la Afya Duniani liliupima muda huo. Watafiti wake waliwafuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Watoto hao walianza kukaa bila kuegemezwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama peke yao kulianza kati ya miezi 6.9 na 16.9, na kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto wapatao wanne katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja.

Fikirieni maana yake. Watoto wawili wa mtaa mmoja, waliozaliwa wiki moja, mmoja anaweza kutembea akiwa na miezi tisa na mwenzake akiwa na miezi 17, na wote wawili wakawa wazima. Anayesota kwa makalio kwa kawaida huchelewa kutembea, na ukiuliza vizuri utasikia kwamba baba yake naye alisota. Mtoto njiti huhesabiwa umri wake kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa. Akizaliwa miezi miwili kabla ya wakati, miezi 14 kwake ni 12.

Tena kuwahi hakumpi mtoto akili zaidi. Watafiti wa Zurich, Uswisi, waliwafuatilia watoto 222 wenye afya njema hadi umri wa kwenda shule, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba umri wa kuanza kutembea haukubashiri akili wala wepesi wa viungo baadaye. Kwa hiyo jirani anayejisifu kwamba wake alitembea na miezi tisa tumpongeze, kisha tulale usingizi wetu.

Shimo la mchanga

Pwani nilikozaliwa, mtoto aliyechelewa hupelekwa ufukweni. Huchimbiwa shimo, akafukiwa mchanga hadi kiunoni, akasimamishwa hapo huku shangazi na bibi wakimpigia makofi. Wanafunzi wangu hucheka nikiwasimulia. Mimi sicheki, kwa sababu ndani ya desturi hiyo mna elimu.

Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani Charles Super aliandika habari za watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, magharibi mwa Kenya. Mama wa huko humfundisha mtoto kukaa na kutembea kwa makusudi, kila siku, na wana maneno maalumu ya mafunzo hayo. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo mama hawalifundishi, hawakuwatangulia wenzao. Kabla ya hapo wataalamu wa nje walikwisha kuuita wepesi huo maumbile ya Mwafrika. Super alionyesha kwamba mkono wa mama ulikuwa na sehemu yake.

Basi mzazi ana kazi ya kufanya, na haina gharama. Mtoto awekwe chini, kwenye mkeka, muda mrefu zaidi kuliko anaokaa mgongoni au kitini. Alazwe kifudifudi akiwa macho na mtu mzima karibu. Aachwe ajivute kwenye stuli na aanguke. Karen Adolph na wenzake wa New York waliwahesabia watoto wa kati ya miezi 12 na 19 wakicheza, wakaona kwamba kwa wastani mtoto hupiga hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Kuanguka ndiyo shule yenyewe. Kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto hukalishwa humo akajisukuma kwa vidole vya miguu hakimfundishi kutembea, na kinaweza kumtumbukiza ngazini au kumfikisha jikoni kwenye maji ya moto. Kanada ilipiga marufuku kuuza vigari hivyo mwaka 2004.

Neno zito: kubemenda

Sasa niguse neno ambalo wengi wenu mmelisubiri. Mtoto akikonda, akilegea, akachelewa kusimama, mtaani husemwa amebemendwa: kwamba wazazi wamevunja mwiko wa kunyonyesha, kwa kukutana kabla ya wakati au kwa mmoja wao kutoka nje ya ndoa. Ninaitambua busara iliyomo. Wazee walitaka uzazi upishane, na ni kweli kwamba mtoto anayeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine anaweza kudhoofika vibaya. Lakini neno hilo likishatamkwa, maswali yote hufungwa. Mama anakuwa mshtakiwa, na mshtakiwa huficha ushahidi. Anamficha mtoto.

Aliletwa kwangu mtoto wa miaka mitatu ambaye hajawahi kupiga hatua. Mama alinieleza kila mganga aliyempitia na kila dawa ya kuogeshea. Alinieleza maneno ya mawifi. Nilipomuuliza siku ya kujifungua ilikuwaje, akasema kwa unyonge, "Alichelewa kulia." Nikaushika mguu wa kulia: umekakamaa. Mkono wa kulia: ngumi imefumbwa. Ulikuwa mtindio wa ubongo, na dalili zake zingeonekana tangu mwaka wa kwanza. Nikamuuliza kama hakuwahi kwenda zahanati. Alikwenda mara tatu, na mara zote aliambiwa, "Atatembea tu, mama."

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa pande zote mbili. Mtaani walimpa mama lawama, na sisi wa kada ya afya tukampa faraja tupu. Hakuna aliyemvua mtoto nguo akamtazama.

Pale ambapo subira inakoma

Wahenga walisema subira huvuta heri. Wahenga hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Elimu yetu yote katika jambo hili ni kujua wakati wa kufuata methali ya kwanza na wakati wa kufuata ya pili.

Mpaka ni miezi 18. Mtoto aliyefika hapo bila kutembea apimwe. Huenda akaonekana hana neno, lakini apimwe. Na wako wasiopaswa kusubiri hata huko: asiyekaa peke yake baada ya miezi tisa, aliyelegea kama kitambaa au aliyekakamaa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, ambaye mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwingine. Zaidi ya wote, mtoto aliyekuwa akiweza jambo kisha akalipoteza aletwe haraka, wala isingojwe kliniki ya mwezi ujao.

Tunawataka mapema kwa sababu mengi yana tiba. Matege ya upungufu wa vitamini D yanatibika. Tezi ya shingo iliyolala tangu kuzaliwa hutibiwa kwa vidonge, na kila wiki inayopita ubongo hupoteza. Miguu kifundo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa njia aliyoibuni Ignacio Ponseti, na hunyooka kwa urahisi zaidi ikianzwa katika wiki za mwanzo za maisha. Nyonga iliyoteguka tangu kuzaliwa ikigunduliwa mapema huenda isihitaji kisu. Mtindio wa ubongo hauondoki, lakini mtoto aliyeanzishiwa mazoezi mapema hukingwa viungo visijikunje, na familia hufundishwa namna ya kumbeba, kumlisha na kumkalisha.

Ombi langu

Nchini Tanzania na Kenya, ratiba ya chanjo inamwita mtoto kliniki akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili ya surua na rubela. Umri huo ndio mpaka niliowaeleza. Tayari tuna miadi, tuna kadi, tuna muuguzi. Napendekeza kwamba kabla ya sindano kila mtoto ashushwe chini, mama aombwe asogee hatua chache, na muuguzi atazame. Akija kwa miguu yake, iandikwe kwenye kadi. Asipokuja, apewe rufaa siku hiyo hiyo. Kazi hii inahitaji mkeka na dakika mbili.

Wauguzi, acheni kusema "atatembea tu" kabla ya kuitazama miguu. Akina baba, nendeni kliniki mkamsikie daktari wenyewe, ili wake zenu wasirudi nyumbani kuwa mashahidi wa peke yao. Mama wakwe na mawifi, nyinyi ndio mnaosikilizwa kuliko sisi, neno lenu la kwanza liwe "twende hospitali." Na wewe mama uliyekaa nyuma hapo na mtoto mapajani, yapo mengi ambayo huenda umeambiwa kuhusu nafsi yako. Yaache mlangoni. Kesho mlete mtoto, tumweke mkekani, tumtazame pamoja.