Kukesha Kabla ya Saa ya Kujaribiwa



Katika siku hii ya Yubilei tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya kukesha kwa Mkristo wakati wa majaribu. Huenda wengine watauliza: Mbona maneno ya majaribu siku ya furaha? Ngoma zalia, kanisa limepambwa, watoto wamevaa nguo nyeupe. Twajibu hivi: Mkulima hakai juu ya dungu siku ile anapotia mbegu. Hukaa juu ya dungu mtama unapoanza kukomaa, maana ndipo ndege wajapo kwa makundi. Nasi leo twatazama mavuno ya kazi ya wazee wetu. Basi yafaa tuulize: Nani analinda?

Injili yatupa mfano wa Mtume Petro. Katika chakula cha mwisho aliahidi ya kuwa hatamwacha Bwana wake, hata wengine wote wakimwacha. Hakusema uongo, alimpenda Bwana kweli. Walipofika bustani ya Getsemani, Bwana akamwomba yeye na wenzake wawili wakeshe pamoja naye. Akaenda kusali, akarudi, akawakuta wamelala. Akaenda tena, akawakuta vile vile. Na mara ya tatu hali ile ile. Baada ya saa chache, uani kwa Kuhani Mkuu, mjakazi alimsemesha Petro maneno machache tu, naye akamkana Bwana. Watu wengi husema Petro alianguka penye ule moto wa uani. Sisi twaona ya kuwa alianza kuanguka bustanini. Saa ya kukesha ilipita naye amelala, na saa ya kujaribiwa ilipofika ikamkuta mikono mitupu.

Ndivyo ilivyo nguzo ya nyumba. Mchwa huila ndani kwa ndani mwaka mzima, na kwa nje yaonekana nzima. Usiku mmoja upepo huvuma, nyumba huanguka, na mwenye nyumba huulaumu upepo. Walakini nyumba ya jirani yake imesimama, na upepo ni ule ule.

Ndugu, tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, mashahidi wa Uganda. Habari ya kufa kwao yajulikana hata na watoto wa shule. Habari ya maisha yao kabla ya kufa haisimuliwi sana, nayo ndiyo tunayoitaka leo.

Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Uganda pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Wakaanza kufundisha, na wenzao wakawafuata. Lakini mambo ya barazani kwa Kabaka Mutesa yakawa ya wasiwasi, hata mwezi wa Novemba 1882 mapadri wakaondoka, wakavuka ziwa, wakaja upande wetu wa kusini na kukaa Bukumbi. Hawakurudi Uganda mpaka Julai 1885.

Fikirini hali ya Wakristo walioachwa. Wengi walikuwa na miezi michache tu tangu kubatizwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe alibatizwa Aprili 1882. Mathias Kalemba na Luka Banabakintu walibatizwa tarehe 28 Mei mwaka ule ule. Karibu miaka mitatu hawakuwa na padri, wala Misa, wala Komunyo, wala maungamo. Wakati ule hapakuwa na moto wala upanga juu yao. Palikuwa na siku za kawaida, moja baada ya nyingine, wala hapakuwa na padri wa kuwauliza kama wamesali au hawakusali.

Walifanyaje? Yosefu Mukasa alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka. Akawakusanya vijana wa jumba, akawafundisha sala na mafundisho aliyoyajua, akawalinda wasivutwe katika uovu. Mathias alikuwa mtu mwenye cheo huko Mityana. Yeye na Luka, na Noe Mawaggali mfinyanzi, wakawakusanya watu na kusali nao. Mapadri waliporudi mwaka 1885, wakakuta wakatekumeni wengi kuliko wale waliowaacha. Walimu wenzetu, neno hili tulishike sana. Kanisa la Uganda lilikua wakati lilipokuwa halina padri hata mmoja, kwa sababu walikuwako watu waliokesha.

Ndipo saa ya kujaribiwa ikaja. Kabaka Mwanga, aliyemrithi baba yake mwaka 1884, akaamuru Askofu James Hannington wa Kanisa la Kiingereza auawe, naye akauawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Yosefu Mukasa alimwambia Kabaka wazi ya kuwa tendo lile ni ovu. Na tarehe 15 Novemba yeye mwenyewe akauawa. Siku ile ile Karoli Lwanga akabatizwa, akaishika kazi ya Yosefu ya kuwaangalia vijana. Mlinzi mmoja aliondolewa, na mwingine akapanda mahali pake jua halijachwa.

Mwezi wa Mei 1886 hasira ya Kabaka iliwaka tena. Usiku ule Karoli aliwabatiza wakatekumeni wanne waliokuwa hawajabatizwa, mmoja wao Kizito, kijana wa miaka kama 14. Kulipokucha Kabaka akaamuru wenye kusali wasimame upande wao, nao wakasimama. Wakapelekwa Namugongo, na tarehe 3 Juni wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana. Mashahidi wote 22 wa Kanisa letu walitangazwa kuwa Watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa 6 tarehe 18 Oktoba 1964.

Twauliza: Vijana wale walijifunza wapi kusimama? Hakuna mtu ajifunzaye kusali siku ile anapoona kuni zikipangwa. Walijifunza katika ile miaka ya kimya, jioni baada ya jioni, kwa watu waliokuwa hawajui kama padri atarudi.

Basi, majaribu yetu ni yapi? Sisi twayaona matatu, nayo huja kwa sura mbalimbali.

La kwanza ni hofu. Hili twalijua upesi, kwa sababu lina sauti kubwa. Mtu akitishwa kwa ajili ya imani yake, hufahamu ya kuwa anajaribiwa, naye hujikaza.

La pili ni upendo wa jamaa, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Kati ya vijana wa Namugongo alikuwamo Mbaga Tuzinde, mtu wa nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimpenda. Akamsihi aikane dini, au akubali tu kufichwa. Jamaa zake nao wakamsihi kwa machozi. Mbaga akakataa. Kifo alikishinda mara moja, lakini machozi yale aliyashinda siku baada ya siku. Na jaribu hili liko nyumbani mwetu. Mtoto ana homa kali usiku, na shangazi yake yuaja na hirizi mkononi. Shangazi si adui. Yuampenda mtoto, tena ametembea mbali gizani. Baba asiyekesha atasema, Tufunge tu hirizi, asubuhi tutaiondoa. Mkristo anayekesha hatamtukana shangazi wala hatamfukuza. Atampa heshima yake, atamketisha karibu na mtoto, atamwomba asali pamoja nao. Na hirizi ataikataa kwa upole, na mtoto atampeleka hospitali. Lakini ili aweze kusema maneno hayo usiku ule, yampasa awe ameyafikiri kabla ya homa.

La tatu ni neema na raha. Hili halina sauti hata kidogo. Pamba imepata bei, nyumba imeezekwa bati, watoto wamefaulu shuleni. Hakuna atutishaye, wala hakuna atuliliaye. Sala ya jioni yaachwa siku moja kwa sababu ya wageni, siku ya pili kwa sababu ya uchovu, na siku ya tatu haitafutwi sababu. Mwenye duka hupunguza kipimo kidogo tu. Mwalimu hupokea jogoo wa mzazi ili mtoto fulani apite mbele ya wenzake. Ndugu wawili wa kigango kimoja hawasalimiani tangu mavuno ya mwaka jana, nao wote wawili hupokea Komunyo. Huo ndio mchwa. Twasema bila kuficha: Jimbo letu halina moto wa Namugongo leo, lakini lina mchwa.

Sasa tutafanyaje? Hatuna mambo mapya. Tuna yale yale waliyoyafanya wale waliobaki bila padri.

Tusali nyumbani kila jioni, baba, mama na watoto pamoja, hata kama ni sala fupi na taa ina mafuta kidogo. Jumapili padri asipofika kigangoni, kengele ipigwe vile vile, na watu wakusanyike vile vile, na mwalimu awe amejitayarisha kana kwamba Askofu anakuja. Mtu asingoje Pasaka ndipo akumbuke maungamo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ugomvi usilale zaidi ya siku moja, maana nyumba yenye ugomvi haina mlinzi. Na kila mmoja wetu tulio walimu amlee mwingine wa kushika kazi yake, kama Yosefu alivyomwachia Karoli.

Tena tusiwadharau wale ambao kukesha kwao hakuonekani. Noe Mawaggali aliuawa Mityana tarehe 31 Mei 1886. Umbu lake, Munaku, akachukuliwa mateka, wala hakuikana imani, mapadri wakamkomboa. Hakuchomwa moto wala hakupigwa mkuki. Kazi aliyopewa na Mungu ilikuwa kuamka kesho yake na kuendelea kuamini, na kesho kutwa tena. Jimboni mwetu wako akina mama wengi wa namna hiyo: mjane asaliye rozari peke yake, bibi afundishaye wajukuu ishara ya msalaba, mama amlindaye mgonjwa asiye na tumaini la kupona. Majina yao hayamo katika kitabu hiki cha Yubilei. Lakini kama si wao, kitabu hiki kisingekuwapo.

Mwaka 1913, tarehe 29 Juni, Waganda wawili, Bazilio Lumu na Vikitori Mukasa, walipewa upadri, miaka 27 tu baada ya moto wa Namugongo. Mavuno hayo hayakutoka katika damu ya mashahidi peke yake. Yalitoka pia katika nyumba ambazo sala haikukatika.

Wapenzi ndugu, hatujui miaka ijayo itatuletea nini. Pengine itatuletea hofu, pengine machozi ya jamaa, pengine raha. Saa ya jaribu haitangazwi kanisani kama ndoa. Neno moja twalijua kwa yakini: itatukuta katika hali ile tuliyo nayo jana jioni. Basi tuanze leo jioni. Sherehe zikiisha, na ngoma zikinyamaza, na wageni wakirudi kwao, kila mtu awashe taa yake nyumbani, awaite watoto wake, apige magoti.

Mwenyezi Mungu, kwa maombezi ya Bikira Maria na ya mashahidi wa Uganda, atujalie neema ya kukesha mpaka mwisho. Amina.