Kukataa Bila Kupigana: Nani Alilisha Nyumba?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Eringeti



Tukiongea juu ya uhuru wa Congo tunataja Lumumba na tarehe 30 Juni 1960, kisha tunanyamaza. Leo tutaje watu waliofukuzwa makwao kwa sababu walikataa. Sisi tuliokimbia na kurudi tutawaelewa haraka.

Mwaka 1921, pa Nkamba katika Bas-Congo, Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kwa miezi michache tu. Watu waliacha kazi za Wazungu wakaenda kumsikiliza. Wabelgiji wakaogopa. Mwezi wa tisa alijitoa mwenyewe mikononi mwao, na watu wake aliwakataza kupigana. Korti ya kijeshi ilimhukumu kifo, mfalme akageuza iwe kifungo cha maisha. Alifia gerezani pa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu pamoja na familia. Wengine waliletwa mpaka Lowa, kwenye mto Lualaba, upande wetu huu wa mashariki. Serikali ilifikiri inaua ile imani, kumbe inaisambaza.

Sasa, baba akiwa gerezani, nani anashikilia nyumba? Bibi yake, Mama Marie Muilu, alibaki anakusanya waamini kwa siri, na serikali ikimchunga. Alikufa Aprili 1959. Desemba ya mwaka uleule serikali ilikubali kanisa lao.

Mwaka huohuo, kule kule Bas-Congo, watu wa ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, walikataa kulipa kodi, wakakataa korti za serikali, na mwezi wa 12 wakakataa kupiga kura. Si kwamba wote walikuwa wapole: tarehe 4 Januari Léopoldville iliwaka na watu wengi walikufa. Lakini ofisi ya kodi ambayo hakuna mtu anaingia, hiyo bunduki inaifanya nini? Januari 1960 Wabelgiji walikaa mezani na Wakongomani pa Brussels.

Tuje hapa kwetu. Ville morte tunaijua, Oicha, Beni, Butembo: maduka yamefungwa, moto hazitembei, tunalilia watu wetu wanaouawa. Ni haki yetu. Lakini sisi tunaopita nyumba kwa nyumba tunaona kitu. Mwenye duka anaweza kufunga siku tatu. Mama anayeuza sombe hawezi hata moja. Kesho yake ndiye wa kwanza kutandika meza, na watu wanamwita msaliti. Sisi hatumwiti hivyo. Ana njaa, basi.

Ndiyo maana tunaomba sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi iwekwe kando, ya kununua unga na maharagi kwa siku hizo. Wengine katika kamati wanasema sanduku ni la bati za nyumba zilizochomwa. Ni kweli, na bati bado hazitoshi. Kwa hiyo tunaomba kidogo. Na rafiki zetu wafadhili wasiogope: pesa hii hainunui bango hata moja, inaingia ndani ya sufuria.

Mkutano wa Jumapili ndio utakata neno. Kila anayeshika daftari ya kijiji aje na orodha ya wamama wa soko, na asisahau wale waliorudi mwezi huu, ambao hata shamba lao la kakao hawajafika kuliona.