Fundi Mzee na Kompyuta

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta kazini, nami si mwalimu wa mambo hayo. Mimi mtu wa Tulia, nilisoma shule ya misheni, kisha nikaja huku relini Makueni. Haya niliyonayo nimeyapata kwa mzee mmoja, fundi wa simu na ishara, ambaye sasa amestaafu.

Zamani mzee huyo hakuzipenda kompyuta hata kidogo. Simu ya stesheni ikiharibika, alifungua kisanduku akauona waya uliokatika. Kompyuta, alisema, waifungua na kosa hulioni. Mwaka 1999 watu walipoogopa kwamba kompyuta zitapotea mwaka 2000 ukiingia, kwa kuwa nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, yeye alicheka sana. Lakini mwaka ukaingia salama, maana mafundi walikuwa wamezisahihisha mapema. Hapo akaanza kuziheshimu. Na njia mpya ilipoanza kuchukua abiria Juni 2017, ikipita Mtito Andei, Kibwezi na Emali, alizisifu kupita sisi vijana: mtu ameketi Nairobi, na magari yote ayaona kwenye kioo!

Kisha zikaja habari za Uingereza. Huko posta ilianza mwaka 1999 kutumia kompyuta za hesabu ziitwazo Horizon. Kompyuta ikisema fedha zimepungua, msimamizi wa posta ndogo alishtakiwa wizi. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakauza nyumba zao walipe deni ambalo halikuwako. Mwaka 2019 korti ikaamua kwamba mitambo ile ilikuwa na makosa. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Miaka ishirini na mitano, ndugu zangu!

Nilimwuliza mzee kama amezichukia tena. La, akasema, mashine naiamini. Nisiyemwamini ni bwana mkubwa asemaye haikosei.

Basi, sisi tunaokata tiketi na kupokea mizigo tumo katika hatari hiyo hiyo. Kompyuta ikisema karani amepunguza fedha, nani atamsadiki karani? Naomba Katibu aingize neno hili katika mazungumzo yajayo na mwajiri: mshahara wa mtu usikatwe kabla kumbukumbu za mashine hazijafunguliwa mbele yake na mbele ya mjumbe wa chama. Na kila karani aandike hesabu yake ya siku daftarini, kwa mkono, kuanzia Jumatatu.